Mashine Mbili na Sufuria za Bibi Zaituni

Nakumbuka Alhamisi moja hapa Kasongo, mwanangu, nilibeba kompyuta kubwa nyeusi kifuani nikavuka nayo soko zima, huku nikiomba watu wanione. Na waliniona! Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, najua kila kitu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu. Leo umekuja kwangu na simu yako, umenionyesha mashine mbili zilizosifiwa kwa nyota na namba, unataka nikuchagulie moja ya kwenda kurushia picha kwenye harusi ya Kabambare. Haya, keti. Weka simu chini kwanza, nikueleze jinsi nilivyokaribia kumnyima bibi mmoja kitu alichokitamani maisha yake yote.

Bibi huyo aliitwa Zaituni. Ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa harusi mtaani kwetu, na mjukuu wake wa mwisho, Mariamu, alikuwa shoga yangu tangu utotoni. Mariamu alikuwa anaolewa na kijana wa Kabambare, Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Unazijua mila zetu: akdi ya ndoa inasomwa msikitini mbele ya wanaume, nasi wanawake tuko nyumbani na bibi-arusi. Wiki moja kabla, tukiwa tunachambua mchele, Bibi alisema neno ambalo sijalisahau.

"Nimeozesha watoto saba mu nyumba hii," alisema. "Hata siku moja sikuona vile bwana-arusi anajibu. Kila mara niko na mwiko mukononi, nasikia vigelegele, najua basi, imekwisha. Sasa huyu iko wa mwisho."

Mwanangu, niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa na fotokopi, pale sokoni. Tulikuwa na projekta, tulikuwa na kamera mbili, na binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka Bukavu programu ya kurusha picha ukutani papo hapo. Programu ile inapokea picha za kamera zote mbili kwa pamoja, unazichanganya, unaandika majina juu yake, unainyoosha picha ikae sawa hata kama ukuta umepinda, na watu wanaliona jambo dakika ile ile linapotokea. Nikamwambia Bibi: safari hii utaona. Nikaapa mbele ya wanawake wote waliokuwepo, na Mariamu akanikumbatia akilia.

Nilimwendea sheikh, akakubali kwa sharti moja, kwamba picha itoke kwao ije kwetu tu, wanaume wasione hata ncha ya mtandio wa mtu. Kaka yangu Idi akachukua jukumu la kamera msikitini. Waya tukaupitisha juu ya barabara kwa mianzi miwili mirefu, pikipiki zikawa zinapita chini yake. Chumba nikakipata: ghala la mpunga lililoshikana na jiko, lenye giza zuri na dirisha moja dogo, ukuta nikaupaka chokaa mwenyewe. Kutoka kwenye mafiga hadi mlango wa ghala ni hatua tatu. Nilichagua pale kwa ajili ya Bibi.

Ilibaki kuchagua mashine. Dukani zilikuwepo mbili. Moja ni ile kubwa nyeusi, ina kadi ya picha yenye nguvu na feni tatu zinazowaka taa za buluu. Nyingine ni laptopu ya zamani iliyong'oka vitufe viwili. Alhamisi asubuhi, duka likiwa bado na ubaridi, nilizipima. Nikafungua programu, nikaweka picha moja ya maua, nikasoma namba pembeni inayosema picha ngapi zinapita kwa sekunde; zikiwa nyingi, mwendo unakuwa laini. Ile kubwa ilitoa picha sitini kwa sekunde. Laptopu ilitoa thelathini na tano. Nikaandika kwenye kipande cha boksi, sitini kwa wino mwekundu, nikaifunga laptopu kabatini kwa dharau kabisa. Ndipo nikabeba ile nyeusi kifuani.

Nilimkuta Bibi uani, amewasha moto chini ya sufuria tatu kubwa. Ndani hamkuwa na kitu ila maji, yamejaa hadi ukingoni. Nikacheka nikamuuliza kama kesho wageni watakunywa maji ya moto.

"Kuja uangalie," aliniambia, akanielekeza kwenye sufuria mpya kuliko zote, inayong'aa, ambayo familia ya bwana-arusi ilikuwa imeileta. Pale mkono wa sufuria hiyo ulipopigiwa misumari, matone yalikuwa yanatoka, yanadondokea motoni yakipiga chii, chii. "Jana ilikuwa mutupu, nikaigonga, ikalia muzuri. Leo nimeijaza, nimeweka moto ya kesho, ndiyo inasema ukweli. Sasa wewe, hiyo mashini ulipima wapi?"

"Dukani, Bibi."

"Dukani kulikuwa nani?"

"Mimi peke yangu."

"Na moshi? Na joto? Na wanawake makumi ndani, na haut-parleur ya kupaza sauti ku musikiti, na frigo ya soda, vyote ku jenereta moja?"

Nikamwonyesha boksi langu lenye wino mwekundu. Kisha nikasema, Mungu anisamehe, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa uani aliisikia: "Bibi, hii si sufuria."

Mama yangu mzazi alikuwa pale, aliinama akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye ungo. Bibi hakunipigia kelele. Aliifuta mikono yake kwenye kitenge, akanitazama sana.

"Mutoto, mie sijui mashini yako," alisema. "Lakini unanipimia kitu ya siku moja tu. Akdi hairudiliwe. Kesho asubuhi utawasha vyote, na mie nitaweka sufuria zote ku moto, na watu wataingia ndani. Kama ni muzima, itaonekana."

Nilikubali kwa heshima tu. Moyoni nilikuwa nasubiri kumshangaza.

Ijumaa saa tatu asubuhi tuliwasha vyote. Jenereta likanguruma, friji la soda likaanza kutetemeka, spika msikitini zikafunguliwa, projekta ikawaka, Idi akatuletea picha za kamera zote mbili. Bibi akawaita wanawake waje kumenyea vitunguu ndani ya ghala, mlango nusu wazi, moshi wa jikoni ukiingia. Ukutani tukaona mihrabu ya msikiti wetu, wazi, kubwa, na Idi akitupungia mkono! Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nikamtazama Bibi kwa jicho la ushindi, jicho ambalo nikilikumbuka hata leo naona haya.

Namba ilianza vizuri, hamsini na mbili. Baada ya robo saa bati la paa likapata jua, namba ikawa arobaini. Feni zile tatu zikawa zinavuta moshi kwa bidii na kuumeza. Thelathini. Kumi na nane. Kumi na moja! Idi alikuwa akitembea ukutani kwa kurukaruka kama panzi. Kisha mtu msikitini akajaribu maikrofoni, spika zikatoa sauti nzito, jenereta likalemewa, taa ya projekta ikafifia mara moja ikarudi. Mashine yangu nyeusi haikurudi. Zilizimika taa zake zote za buluu, na ilipoanza kuwaka upya ilichukua muda mrefu hivi kwamba wanawake walimaliza vitunguu.

Nilimwona Mariamu mlangoni, hina ikiwa bado mbichi mikononi. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu. Nilijua atanikemea, na ningestahili. Alisema hivi tu: "Ile ingine iko wapi?"

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Sijui nilifikaje dukani. Najua nilirudi na laptopu imefungwa kwenye khanga tumboni, na saa ilikuwa tano kasoro. Nikaiunganisha, nikapima upya, safari hii kila kitu kikiwaka, na joto lake, na moshi wake. Ishirini na moja. Picha ilikuwa inaburuta miguu kidogo. Lakini spika zilipopiga na taa ya projekta ikafifia, laptopu ilikaa kwenye betri yake, haikustuka hata kidogo, mwanangu! Hapo nikaanza kupumua.

Nikaitafutia nafasi. Niliiweka karibu na mlango, juu ya matofali mawili, upepo upite chini yake. Ishirini na tatu. Nikapunguza ukubwa wa picha za kamera. Ishirini na sita. Yalibaki maua. Nilikuwa nimemwahidi Mariamu maua mekundu yatakayokuwa yanaelea pembeni mwa picha, na nilikuwa nimeyatengeneza kwa siku nne. Nikamwita, nikamwambia kweli: nikiyaacha, picha itaburuta. Akasema, "Toa. Maua nitaangalia bustanini." Nikayatoa. Thelathini, na ikakaa. Niliitazama namba ile saa nzima nikisubiri ishuke. Chini kabisa ilifika ishirini na nane, hadi adhana ikalia nami nimekaa pale pale na jasho langu.

Basi swala ikaisha, na ghala likajaa. Wanawake wa Kasongo, wanawake waliofika na msafara wa Kabambare, wengine wamepanda juu ya magunia ya mpunga. Ukutani sheikh akaketi, bwana-arusi akaketi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mjomba wa Mariamu. Bibi Zaituni aliingia na mwiko mkononi, wakampisha hadi mbele.

Sheikh akaanza. Spika zikavuma, jenereta likalalamika, taa ikafifia, na ghala zima likasema "Yallah!" Ikarudi. Picha ilikuwa inaenda tu. Na pale pale nikasikia harufu. Ukijua kupika unaijua harufu ile: wali umeshika chini.

"Bibi," nilimnong'oneza, "sufuria!"

Hakugeuka. Alikuwa ameshika ukuta kwa macho yake yote mawili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mwiko ameukumbatia kifuani.

"Nyamaza, Salima," alisema. "Hii si sufuria."

Na bwana-arusi akasema, nimekubali kumuoa. Tulimwona akimeza mate kabla ya kusema! Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena. Wageni wa Kabambare walikula wali wenye ukoko na harufu ya moshi, wali wa kwanza kuungua mikononi mwa Bibi Zaituni, na kila aliyemuuliza, Bibi alimjibu kwamba alikuwa na kazi ingine.

Kwa hiyo mwanangu, nyota za kwenye simu ni za mtu aliyepima mashine kwenye chumba chake. Hajui jenereta lako wala bati la Kabambare. Chukua zote mbili, uziwekee kamera utakazotumia, projekta utakayotumia, umeme ule ule, joto lile lile, na uziache zifanye kazi kwa muda wote ambao sherehe itachukua. Usiandike namba ya juu kama nilivyoandika mimi kwa wino mwekundu. Andika namba ya chini kabisa iliyoshuka, kwa kuwa hiyo ndiyo watu watakayoiona. Ukilazimika kupunguza, punguza mapambo. Na mtu mzima wa kazi nyingine akikuuliza swali kuhusu kazi yako, meza jibu lako la kwanza. Mimi sikumeza langu, na nililisikia tena mbele ya ukuta ule, likitoka kinywani mwa Bibi.

Nenda, Mungu akufikishe Kabambare na barabara ikiwa kavu. Jenereta lisikulemee, na uso wako usiaibike mbele ya watu. Na ukifika, kabla hujafungua begi lako, ingia jikoni, umtafute anayepika, umuulize angependa kukaa wapi ili naye aone.