Tuta la Mama kwa Minyoo Yangu

Mama alishindwa kuwaambia majirani wa kwetu Kizwite kwamba mwanawe, baada ya miaka yote ile ya shule, anafuga minyoo. Akawaambia niko Morogoro natibu mazao. Mimi nilikuwa chuoni, nikichunguza jinsi seli za mwili zinavyojitetea dhidi ya oksijeni, maana hewa hiyohiyo inayotuweka hai hutuchakaza ndani kwa ndani, kama inavyolitia bati kutu. Minyoo yangu ilikuwa midogo kuliko punje ya ulezi, wala haikumdhuru mtu. Niliimwagia ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, ambayo huchakaza seli vivyo hivyo, kisha nikatazama ipi bado inajikunja.

Mwalimu wangu akataka minyoo ya nyanda za baridi, tuilinganishe na hiyo ya maabara. Kwetu Ufipa, mvua zikielekea kwisha, majani hufukiwa kwenye matuta ya duara yaoze hadi msimu mwingine, na humo minyoo haikosekani. Nikampigia mama aniachie tuta moja. Akakubali, lakini mvua za kwanza ziliponyesha akalivunja, akapanda. Tuta likibaki zima wakati wenzako wanapanda, utasemwa mpaka kanisani kwamba u mvivu, na mama alikuwa radhi nikose digrii kuliko asemwe. Nilinuna wiki nzima.

Mvua zilipokaribia kwisha akafukia jingine, la kwangu peke yangu, ingawa moyo ulikuwa umeanza kumsumbua na daktari alishamkataza jembe. Nilipofika kiangazi nilimwamkia, akaitikia ameketi, yeye ambaye hakuwahi kumpokea mgeni ameketi. Tukaenda shambani polepole. Nilichimba, naye kwenye kigoda chake akinikosoa ninavyoshika jembe. Harufu ya majani yaliyooza ilinirudisha utotoni. Ee, nilifurahi siku ile! Akaniuliza kazi yangu ikifaulu itamfaa nani. Nikasema labda watu kama yeye, ambao moyo umewachakaa.

"Basi fanya haraka, mwanangu," akasema, tukacheka wote wawili.

Nilifanya haraka. Asubuhi moja nikakuta minyoo ya maabara yote imekufa kwa dawa, na ile ya tuta la mama bado inajikunja kana kwamba haikumwagiwa kitu. Nikachukua simu nimweleze. Nilikuwa nimeshabonyeza jina lake ndipo nikakumbuka kwamba tulikuwa tumemzika kabla mahindi hayajaota.