Nani Kapinda Pazia Langu?

Ukitaka ugomvi na Mama Futi, mharibie mistari ya kitambaa. Nimekaa naye cherehani kwa cherehani miaka tisa, najua ninachosema. Akikata kitambaa cha mistari, mstari wa mkono lazima ukutane na wa kifuani, la sivyo anafumua yote aanze upya. Mteja akimwambia "haionekani, fundi," anamtazama kama katukaniwa mama. Jina lenyewe kalipata kwa sababu ya futi ya kupimia, inayoning'inia shingoni mwake hata akienda msibani.

Jumamosi moja akaingia binti wa kaka yake, wa miaka kumi na mitano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekauka hivyo?"

Alitaka gauni la mahafali ya shule. Zilibaki wiki mbili. Mama Futi akampima kiuno: inchi ishirini na sita.

"Andika ishirini na mbili," mtoto akasema.

"Hizo nne nikazitupe wapi?"

Mimi nikacheka. Mtoto hakucheka. "Nitapungua, shangazi. Siku hizi nakunywa maji tu mpaka jioni."

Loo! Kicheko kikanikauka. Mama Futi akaweka chaki chini. "Nani kakuambia upungue?"

Mtoto akatoa simu, akatuonyesha picha aliyoweka mtandaoni: yeye mwenyewe, kasimama sebuleni kwao, kiuno cha nyigu. Watu mia nne wameipenda. Darasa zima limemsifia, na likizo nzima hawajamwona kwa macho. Siku ya mahafali wangemwona.

Nikangoja Mama Futi atoe neno la busara. Thubutu! Akaisogeza simu mpaka puani, akafoka: "Nani kapinda pazia langu?"

"Pazia?"

"Hili hapa nyuma yako! Nimelishona mimi, siku mbili nzima napanga hii mistari. Imenyooka juu mpaka chini. Mbona hapa kiunoni imeingia ndani? Wifi kalifua na nini?"

Kweli tena, alikuwa anatafuta namba ya wifi yake amgombeze, mtoto alipoangua kilio.

"Si mama, shangazi. Ni mimi. Simu ina kitu cha kubana kiuno kwenye picha." Kumbe alipojibana, na pazia likabanwa naye.

"Kwa hiyo unashinda njaa ili ufanane na picha yako mwenyewe?"

Mtoto akaitika kwa kichwa. "Hata usingizi sipati. Wakiniona watasema mimi mwongo."

Shangazi mtu akamkumbatia na futi yake yote. Machozi yalimlenga, na mimi pia, nisiongope. "Mwanangu, pazia lenyewe limebanwa likapinda. Sembuse wewe mwenye utumbo?"

Mtoto akacheka huku makamasi yanamtoka. Kisha akaula mkate wangu wote wa mchana, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Tangu hapo kila jioni alipita kujaribisha gauni, akikuta sahani imefunikwa. Gauni likakatwa ishirini na sita, na inchi mbili za akiba zikakunjwa ndani ya mshono. "Za kushiba," Mama Futi akasema.

Asubuhi ya mahafali akapiga picha pale pale sebuleni, akaiweka mtandaoni bila kuigusa, akaja kutuonyesha. Mama Futi akakagua mistari ya pazia kwanza.

"Imenyooka," akasema.

Simu ikalia. Mwenzake wa darasani kaandika: "Mbona umenenepa ghafla?" Mtoto akaisoma mara mbili. Kisha akaandika: "Ndivyo nilivyo. Ile ya kwanza, tazama pazia."

Akaituma, akatumbukiza simu kwenye mkoba, akauliza kama kuna mkate.