Nani Aliyeniruhusu Kucheza

Msiniimbie ile methali ya asiyesikia la mkuu. Nimeisikia mpaka masikio yameota sugu, na kila anayeniimbia huanza kwa kulitazama goti langu.

Mimi nataka kumsema Bi Hapana. Alikuwa matroni wa bweni letu, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Jina hilo tulimbandika sisi wasichana, maana ukimwomba kitu jibu lilikuwa tayari kabla hujamaliza kuomba. Alitunza shuka, dawa, jezi na barafu ya timu ya netiboli. Ngazi alizishuka ubavuubavu, mguu mmoja kwanza, mwingine ukifuata. Alipokuwa na miaka kumi na saba naye alicheza, akatua vibaya, wakamwambia ajikaze. Akajikaza. Sisi tulikuwa tukimwigiza anavyoshuka, tunacheka mpaka machozi. Mashetani wadogo!

Siku nilipotua vibaya mimi, mazoezini, goti lilisema "tap!" Hakuna aliyenigusa. Kocha akafoka, "Amka, jikaze kisabuni!" Bi Hapana alikuwa kwenye benchi, lakini aliusikia mlio ule. Akaja na barafu, uso umemsawajika.

"Hiyo ni kano ya ndani ya goti," akamwambia kocha. "Mpeleke hospitali akapigwe picha, na asiguse mpira."

"Matroni, wewe kahesabu shuka."

Hospitali sikupelekwa. Baada ya wiki tatu uvimbe ukaisha, maumivu yakaisha, nikajiona nimepona. Hapo ndipo goti linapomdanganya mtu. Kocha alikuwa amefundisha miaka kumi na minne na hakulijua hilo, au alilijua, na sijui lipi ni baya zaidi. Fainali ilikuwa Jumamosi. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: bila mimi hakuna timu, na mwaka ujao unahodha ni wangu.

Lakini shuleni kwetu aliyeumia hapewi jezi mpaka matroni aridhike. Jumamosi asubuhi Bi Hapana akanisimamisha juu ya benchi katika chumba cha jezi.

"Ruka. Utue kwa mguu ulioumia."

Nikaruka. Nikatua kwa ule mzima.

"Hapana, mwanangu."

"Una wivu tu, kiguru wewe!"

Ndiyo, nilimwambia hivyo, mtu sawa na mama yangu. Alifunga kabati, akatoka. Haikupita nusu saa kocha akaja na ufunguo wa akiba kutoka ofisini, akanirushia jezi.

Nilicheza dakika kumi na moja. Niliruka kudaka mpira, nikageuka hewani, nikatua, goti likaachia. Ukelele niliopiga ulisikika hadi barabarani. Bi Hapana alikuja mbio, kwa mguu wake ule ule, akachutama kwa shida. Nilingoja aniambie, "Si nilikuambia?" Badala yake alimgeukia kocha.

"Mbebe! Wewe uliyemwingiza, mbebe wewe!"

Kocha akanibeba mbele ya uwanja mzima, jasho likimtoka, huku Bi Hapana akimfuata nyuma na kumkataza kunitua.

Daktari alisema kano imekatika kabisa, na sasa hata gegedu iliyo kati ya mifupa imechanika. Goti lingepumzishwa tangu mwanzo, alisema, hili la pili pengine lisingetokea. Nikaandikiwa upasuaji.

Jumatatu mwalimu mkuu akaja wodini pamoja na kocha. Mama yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Nani aliyemruhusu mwanangu kucheza?"

Kocha akajibu, macho makavu, bila haya wala soni, "Anayetoa jezi ni matroni."

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Ni kweli? Matroni ndiye aliyekuruhusu?"

Bi Hapana alikuwa amefika mlangoni, amenibebea nguo safi. Kocha akanikazia macho, nami nikauwaza unahodha. Unahodha! Goti limefungwa bandeji hadi pajani, mpumbavu mimi nawaza unahodha.

"Ndiyo," nikasema. "Ni matroni."

Mama akainuka, akamshukia mwanamke wa watu kwa matusi ambayo sijapata kumsikia akiyatoa, tena mbele ya wagonjwa, nguo zangu zingali mikononi mwake. Mimi nikageukia ukutani, nikamwacha atukanwe.