Watoto wa Akiba

Jina la muuguzi wa zahanati ile watu walishalisahau. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Sindano. Miaka ishirini na sita amechoma mapaja ya watoto wa mtaa mzima, na sasa anachoma watoto wa watoto hao. Jokofu lake la chanjo lilipokata roho, aliandika barua makao makuu. Akaandika ya pili. Ya tano aliiandika kwa wino mwekundu, maana adabu ilishamwishia.

Makao makuu hawakumtupa, jamani, wana huruma wale. Walimletea mtaalamu.

Mtaalamu alishuka garini na bango refu kuliko yeye, lenye mstari unaopanda kama ngazi ya fundi. Akafungua fomu. "Mama, nimetumwa kutafuta chanzo. Watu wanaongezeka mno. Hapa kwenu wanazaa sita, saba. Kwa nini?"

"Njoo nikuonyeshe chanzo." Mama Sindano akampeleka chumba cha nyuma, akafungua mlango uliotoa harufu ya uvundo.

"Hili ni jokofu," alisema mtaalamu. Kusoma kuzuri!

Mama Sindano akameza hasira, akamweleza taratibu. Mama yake mzazi alizaa tisa, akazika watano, wawili katika wiki moja ya surua. Enzi hizo kila mwanamke alizaa na wa akiba. Ndivyo mtaa ulivyosema: hawa wako, hawa wa akiba, maana hujui homa itaondoka na nani. Chanjo zikaja, watoto wakaacha kufa, lakini akina mama hawakuamini siku hiyo hiyo. Nani angeamini? Basi kwa muda watu walifurika, madarasa yakajaa mpaka madirishani. Kisha mmoja akawatazama wanawe watatu, wote wazima, akaja kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono. Akaja shoga yake. Akaja wifi yake.

"Sasa jokofu likifa, habari inazunguka mtaa mzima kabla sijafunga mlango. Mwezi uliopita nimetoa vijiti kumi na vinne. Wanarudi kwenye akiba, mwanangu. Niletee jokofu, mstari wako utashuka wenyewe."

Mtaalamu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, akaandika. Mama Sindano akachungulia. Mbele ya neno "Chanzo" palisomeka: wanawake hawana elimu.

"Hivi umenisikia kweli?"

"Nimekusikia sana, mama. Ila fomu haina sehemu ya jokofu."

Haya. Miezi miwili baadaye gari lilirudi na mzigo. Mama Sindano alitoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine sijui wapi. Mabango mia nne! Baba, mama na watoto wawili, wanacheka meno yote nje. Yalikuja na maelekezo: yahifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua na panya. Katika zahanati ile yenye paa linalovuja, palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo. Aliyapanga ndani ya jokofu, rafu zote tatu, akafunga. Angalau sasa lilikuwa na kazi.

Alhamisi hiyo akaja mshonaji, jirani yake, mwenye watoto watatu ambao Mama Sindano ndiye aliyewapokea wakizaliwa. Wa mwisho alikuwa mgongoni, miezi tisa kamili, umri wa sindano ya surua.

"Zipo, mama?"

Mama Sindano alitamani kudanganya. "Hazipo, mwanangu. Mpeleke hospitali kubwa."

"Nitampeleka kesho alfajiri, ni nusu siku kwa miguu. Lakini nyumba ya pili wana surua tangu juzi." Mshonaji akakaa, akapandisha mkono wa blauzi, akaulaza mkono wake juu ya meza. "Nitoe kijiti."

"Subiri kwanza. Naandika barua nyingine leo leo."

"Wewe andika tu, mama. Mimi ninao watatu tu."

Mama Sindano alinawa mikono, akafungua wembe mpya. Alikuwa na hasira mpaka machozi yanamlenga, na hakuwa na wa kumfokea. Mtoto akakohoa mara moja mgongoni. Wote wawili wakatulia, wakisikiliza kama atakohoa tena.