Unga Penye Shamba la Bibi

Wilaya yetu ilipogawanywa, mwaka niliorudi kutoka chuo bila kazi, vijiji viwili vilibaki vikigombea makao makuu ya wilaya mpya: chetu, huku juu Newala, na kingine bondeni, njia ya Masasi. Kamati ingekuja Jumatatu kuona eneo. Kwetu eneo tambarare karibu na barabara lilikuwa moja tu, shamba la mikorosho la bibi mzaa mama.

Ardhi yetu hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mjomba alitaka litolewe. Bibi akasema, "Wenyewe hawajaulizwa." Wenyewe walikuwa wamelala mwisho wa shamba, makaburini.

Basi jioni ya Jumapili bibi alimimina unga wa mtama penye shina la mti wa makaburini, taratibu, hadi ukawa kilima kidogo chenye ncha. Ukikutwa asubuhi umesimama, wamekubali. Ukibomoka, wamekataa. Mjomba akaahidi kufuata.

Niliamka nimechoka kuwaza. Upepo unahesabika? Umande je? Makao makuu yangeleta ofisi, na ofisi zingeleta ajira, labda hata yangu. Lakini bibi angepalilia wapi?

Alfajiri ukungu ulikuwa umemeza mashina, matawi ya mikorosho yakawa kama yanaelea. Tulitembea watatu bila kusikia hata nyayo zetu. Penye mti alikuwapo kuku mweupe, mdomo umejaa unga.

"Kuku tu huyo," mjomba alisema.

"Kuku wa nani?"

Mjomba akakohoa. "Wangu. Ila mama, kuku hana habari na wilaya."

"Sijasema anayo. Nauliza nani kamtuma."

"Njaa, mama."

"Na njaa nani kaituma?"

Mjomba akanigeukia. "Msomi, sema wewe. Umesimama au umebomoka?"

Nilichuchumaa. Ncha ilikuwapo, ubavu mmoja haukuwapo. Nilizunguka mara mbili nikitafuta upande ambao ningeweza kusema umesimama, na kweli ulikuwapo. Bibi hakunitazama, alikuwa akipapasa gome la mkorosho uliokuwa karibu, kama mtu anayeaga.

"Umebomoka, mjomba," nilisema.

Mjomba alitimiza ahadi. Alimkwapua kuku wake, akaenda kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba shamba halitolewi.

Makao makuu yakaenda bondeni. Mchana ule gari la kamati lilipita kwetu bila kusimama. Bibi alikuwa anafagia majani chini ya mikorosho. Waliposalimia kwa honi, aliwapungia mkono.