Mfuko wa Salfa Kwenye Tundu la Friji

Niliweka mdomo kwenye upenyo, nikavuta. Nilijua nyuma ya friji lile kuna tundu la kwenda nje, maana nililikata kwa mkono wangu, na nje kuna Newala nzima na upepo wake. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameanguka ubavu mbele ya friji, pakiti ya maziwa imemwagika chini ya shavu lake, midomo yake myekundu kuliko nilivyowahi kuiona. Nilishajaribu kumwinua, nikaanguka naye. Nikavuta mara ya pili, kwa pupa, kama mtoto kwenye ziwa la mama. Hewa ilikuwa ya moto. Nikavuta ya tatu. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna kinachotoka nje kuja kwangu, na kwamba hiki ninachokivuta ndicho kilichomwangusha yeye.

Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yangu. Sikuufikia.

Mimi ni fundi bati wa Masasi, Mkomaindo. Natengeneza makarai, masufuria, michirizi ya mvua. Shule niliacha darasa la nne, kwetu Newala. Nayaandika haya mwenyewe kwa sababu wanaojua kuandika vizuri wameshaandika ya kwao, na ya kwao si kweli.

Friji lile lilikuwa ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, lililokuwa la wauguzi wa Kizungu wa zamani. Walizunguka nalo vijijini wakichanja watoto, halafu wakaondoka, likabaki kwenye uwanja wa kanisa, mgongo wa mviringo kama mkate wa boflo, kuku wakitagia ndani. Baba yake mwalimu alikuwa mtumishi wa kanisa, wakampa. Alipokufa likawa la mwalimu. Namwita mwalimu tu, kila mtu Newala anamwita hivyo, na mimi alinifundisha kusoma. Alipostaafu akalivuta mpaka pembeni mwa barabara, mbele ya shamba lake la mikorosho, akataka liwe duka la vinywaji baridi. Umeme wa kule unakatika utakavyo, lakini ndani ya karavani kuna friji la zamani linalowaka kwa gesi. Akamweka mdogo wangu auze. Mimi ndiye niliyempeleka. Mume wake alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili, mgonjwa wa mgongo, na nilimwambia mdogo wangu, nenda kwa mwalimu, ni mtu wa heshima.

Mwalimu akanipigia simu nikalifufue friji. Nikapanda Newala kwa pikipiki, zana zangu kwenye gunia. Nilipolivuta kutoka ukutani nikakuta tundu zake zote mbili za zamani zimezibwa, mtu kapigilia bati na kupaka rangi juu. Labda mvua ilikuwa inaingia. Mzee aliyenifundisha kazi, marehemu sasa, alitengeneza mafriji ya misheni, na aliniambia mara nyingi: friji la gesi lina moto mgongoni. Moto ule ukipata hewa, mwali ni wa bluu. Ukikosa, unageuka njano, na hapo unatoa sumu ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Haina harufu, haina moshi wa kuwasha macho. Unalala tu.

Sikutaka kuzifungua zile za zamani, mbao zake zilikuwa zimeoza. Nikapima upya. Tundu la chini usawa wa kichomeo, la juu karibu na paa ili joto lipate pa kutokea. Ganda la nje ni aluminiamu, mkasi wa bati unalikata kama karatasi, ila humo katikati kuna fremu ya mbao na lazima uikwepe. Nilitoboa pembe nne kwa drili, nikakata, nikapiga msasa kingo zisikate mtu. Nikatengeneza vifuniko vya bati vyenye vipande vilivyoinama, mvua iteleze na hewa ipite, na kwa ndani nikaweka wavu, maana nyuki wa huku wakiona tundu wanahamia na mizigo yao. Nikapiga ribiti, zile pini za kubana bati, nikazungushia gundi ya silikoni. Halafu nikaziba pembeni mwa friji kwa bati, nyuma yake pawe chumba cha peke yake, kisichochangia hewa na mtu aliye dukani.

Upande mmoja haukuziba. Mbao ilikuwa imekwisha kabisa, ribiti haikushika. Ukabaki upenyo wa kidole kimoja, kutoka chini mpaka kiunoni. Nikasema nitarudi na mbao mpya. Huo upenyo ni wangu, sitamtupia mtu.

Mwalimu alifika nikiwa nafagia vipande. Wateja wawili watatu walikuwa wamesimama kuangalia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nilikwambia utengeneze friji, wewe umenitobolea nyumba."

"Friji hili lina moto nyuma, mwalimu. Moto unataka kuvuta na kutoa."

"Uliishia darasa la ngapi vile?"

"La nne. Mwalimu ndiye aliyekuwa darasani."

"Ndiyo maana nakumbuka."

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Habari za hewa nimezifundisha miaka thelathini," mwalimu akasema. "Gesi haina moshi. Ndiyo sababu watu wameacha mkaa."

"Haina, mwalimu, ikipata hewa. Hizi tundu zisizibwe."

"Sawa, mhandisi."

Jina likanikaa. Hata mdogo wangu akinipigia simu alikuwa anaanza, "Mhandisi, shikamoo," halafu anacheka peke yake. "Friji lako linapumua vizuri kuliko shemeji yako akilala."

Ukaja msimu wa salfa. Asiyekulia kwenye mikorosho huenda hajui. Salfa ni unga wa njano tunaoupuliza kwa mashine kwenye miti, maua yasishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Unapulizwa asubuhi na mapema, majani yakiwa na umande, unga ushike. Wiki hizo kila kitu ni njano, mabati, nguo zilizoanikwa, kope za watu. Macho yanawasha, kifua kinabana, kichwa kinauma, na hakuna anayekwenda kuuliza kwa nini. Mtu akilalamika anaambiwa "salfa," mazungumzo yameisha. Anakunywa maziwa, anaendelea na kazi. Ndivyo tulivyolelewa.

Mdogo wangu akapiga simu.

"Kaka, kichwa hiki. Kila asubuhi."

"Wanapuliza?"

"Mwalimu kaanza shamba la chini. Unga unaingia mpaka kwenye glasi, kanigombeza, anasema wateja wanakunywa salfa. Ajabu nikitoka nje kinapoa. Nikirudi ndani kinarudi."

Hebu isome tena sentensi hiyo. Salfa iko nje, na yeye akitoka nje anapona. Mtoto wa darasa la kwanza angeshtuka. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo, karai la mteja liko mapajani, nikamwambia, "Salfa tu hiyo. Funga madirisha, kunywa maziwa."

Akafunga madirisha. Akanywa maziwa, kutoka kwenye friji lilelile.

Siku ya tatu baada ya simu ile nikaikata mbao na kupanda Newala kuuziba upenyo. Sikwenda kwa wasiwasi, nilikwenda kwa kuwa nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na ukungu na baridi ya juu kule, mashine inalia shambani. Karavani limefungwa kila mahali, kitambaa kimesokomezwa chini ya mlango. Nikabisha hodi. Nikasikia kama kikombe kinaanguka. Nikaingia, mlango ukajirudi nyuma yangu, na yaliyofuata nimeshayasema mwanzo.

Aliyetutoa ni mama mmoja wa kijiji cha Makote anayeuza samaki, alikuja na ndoo kuchukua barafu. Alituvuta kwa miguu, mmoja mmoja, kama magunia. Anasema nilikuwa naongea neno moja tu, tundu, tundu. Akazunguka nyuma kutazama hilo tundu. Kifuniko changu cha chini kilikuwa kimebanduliwa, na ndani kumeshindiliwa mfuko wa salfa uliokunjwa, umekazwa kwa kijiti. La juu limezibwa kwa matambara. Akauchomoa ule mfuko, akauweka chini ya kichwa changu. Hayo aliniambia baadaye. Siku ile mimi nakumbuka mbingu nyeupe na harufu ya samaki.

Mimi nilikaa hospitali siku chache, nikarudi nyumbani na kichwa kizito. Mdogo wangu alikaa muda mrefu bila kufumbua macho. Mama yetu alikaa miguuni pake akimwita Nnungu, yaani Mungu, kwa Kimakonde, pole pole, kama anayemwamsha mtu bila kutaka kumkera.

Kikao cha ukoo kikakaliwa kwa mama. Wajomba walikuja, na mwalimu akaja na suti na mchele. Aliongea kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyo, akiwepo mwalimu anaanza mwalimu. Alisema amehuzunika, binti alikuwa mwaminifu, salfa ya mwaka huu ni kali. Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama nikasema tundu zilizibwa. Sikuwa na kitu mkononi cha kuonyesha.

"Nimetoka kuziangalia," mwalimu akasema. "Ziko wazi."

"Sasa hivi ziko wazi."

"Fundi, tusitafutane maneno. Karavani lile limekaa miaka yote halijamdhuru mtu. Limekuja kudhuru baada ya kutobolewa. Nani alilitoboa?"

Mjomba mkubwa akaniambia, "Kaa chini, mwanangu." Nikakaa. Wakaandika kwenye daftari la ukoo: alizidiwa na salfa. Kwa hiyo Newala leo kuna maelezo mawili, ya daftarini ni salfa na ya barabarani ni tundu la mhandisi. Kazi za kule zimekatika zote.

Wiki kadhaa baadaye mama wa Makote akashuka Masasi na samaki wake, akanitafuta mpaka Mkomaindo. Kaniletea mkasi wangu wa bati niliouacha siku ile, na umefungwa ndani ya mfuko ule. "Nilifunikia ndoo," akasema, "nikaona si vizuri, ni kitu chenu." Nikaukunjua. Upande mmoja umeungua kahawia, uliogusa joto la kichomeo. Upande wa pili, kwa kalamu nene, pameandikwa: Shamba la chini, usiguswe.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mwandiko ule ndio niliojifunzia kusoma. Herufi g yenye mkia unaorudi na kujifunga kama kitanzi. Alitukalisha asubuhi nzima kuufanya mkia ule, aliyekosea anachapwa. Hakuna mtu mwingine Newala anayeuandika hivyo isipokuwa sisi tuliochapwa, na mifuko ya shamba la chini hatuandiki sisi.

Najua hakutaka kumuua mtu. Alitaka unga usiingie kwenye glasi za wateja. Lakini nilisema kwa mdomo wangu mbele ya mashahidi kwamba zisizibwe, akacheka, na baada ya kuanguka kwetu mtu alichomoa matambara ya juu na kurudishia kifuniko changu cha chini kwa misumari mipya. Ile misumari nimekwenda kuiona. Hilo halikufanywa na mtu asiyejua alichokifanya.

Mdogo wangu anaishi kwangu sasa. Mkono wa kushoto unatetemeka. Alikuwa anarudisha chenji bila kutazama, leo anashika kijiko na kusahau kilikuwa kinakwenda wapi. Kila asubuhi anafunga kanga na kuniuliza kama amechelewa kufungua duka. Nikimwambia duka halipo, anakaa, anafikiri, halafu anauliza swali lilelile: "Kaka, nilikosea wapi?"

Namjibu. Namwambia upenyo ulikuwa wangu, na neno salfa kwenye simu lilikuwa langu, na madirisha niliyafunga mimi kwa mdomo. Wewe hukukosea. Ananisikiliza, ananipapasa mkono kama mimi ndiye mgonjwa. Jioni amesahau, kesho ananiuliza upya.

Nimemtumia mwalimu ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza alisema atakuja msimu ukiisha. Msimu umeisha, korosho zimeokotwa, zimepimwa, zimeondoka. Mara ya pili hakujibu. Mfuko ninao, umetundikwa hapa karakana, juu ya benchi, na kila mteja anausoma.

Sitaki mchele. Sitaki kikao, kwenye kikao anaongea wa kwanza. Namtaka mwalimu ashuke Mkomaindo, aketi kwenye kigoda mbele ya mdogo wangu, asubuhi, saa anayouliza. Na mdogo wangu akiuliza alikosea wapi, mwalimu amjibu, kwa mdomo wake, nani alishindilia mfuko kwenye tundu na nani alirudishia kifuniko kwa misumari mipya. Akisahau, mwalimu arudie kesho yake. Sisi alituchapa mpaka tukakariri, anajua namna ya kurudia somo.