Oda Ishirini na Mbili za Lumuma

Siku nilipomwambia baba mdogo Cleopa kwamba nimepata kazi ya kutembeza sabuni vijijini, hakunipongeza. Aliniuliza kama nina viatu. Kisha akanisimulia mwezi wake mmoja wa kuuza mabati, naye si mtu wa kusimulia.

Ilikuwa mwaka 1973. Shamba la mkonge la Kimamba alikokuwa karani lilipunguza watu. Mwenye duka mmoja wa Kilosa mjini akamchukua kwa majaribio: alete oda ishirini ndani ya mwezi, la sivyo asirudi. Akampa baiskeli mbovu, mkoba wa ngozi, kitabu cha oda na kipande cha bati cha kuonyesha. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne waliomtegemea.

Wiki tatu alizunguka bila oda hata moja. Ukifika kwa mtu huanzi na mabati. Unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, unakaribishwa ugali, ndipo unafungua mkoba. Mwenyeji analigongagonga bati, analisifu, halafu anasema, "Tutaangalia baada ya mavuno." Baba mdogo alinionya kwamba maana yake ni hapana, na kwamba wema wa watu utanichosha kuliko ukali wao.

Wiki ya mwisho akapanda milimani, Lumuma. Huko kazi ikawa nyepesi ajabu. Watu hawakuuliza hata bei. Walimletea kigoda, wakataja majina, wakaweka dole gumba kitabuni. Siku mbili, oda ishirini na mbili. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye aliimba njiani.

Wa mwisho kuweka dole alikuwa mjane, mama Elizabeti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameezeka nyumba yake nyasi mpya.

"Sasa baba, tunahama lini?" akauliza.

"Kuhama kwenda wapi, mama?"

"Kijiji cha ujamaa. Si ndiko yanakokwenda mabati haya?"

Kumbe ule mkoba. Walimdhani bwana wa serikali anayeandikisha watu wa kuhamishwa. Baba mdogo akazihesabu tena oda zake, akiwawaza wanawe.

"Mimi mchuuzi tu, mama," akasema hatimaye. "Hakuna anayehama."

Akarudi nyumba kwa nyumba kueleza. Wote wakaomba wafutwe, wakamshukuru, wakampa na ndizi. Akashuka Kilosa, akarudisha baiskeli na kitabu kilichojaa majina yaliyopigwa mistari, akaenda Kimamba kwa miguu.

Nikamwambia alifanya vizuri. Akanitazama kwa uchovu.

"Nilisema jambo nisilolijua," akasema, "ili waniamini."

Mwaka uliofuata alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye lori. Masika yameanza, wakapita bondeni, chini ya milima ya Lumuma. Watu walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, na nyumba hazijaisha. Mama Elizabeti alisimama ndani ya kibanda cha matawi, blanketi limelowa.

Lori liliposimama, baba mdogo akashuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama vizuri. "Ni wewe uliyetuambia hatuhami."

Hakuwa na hasira, na baba mdogo anasema hilo ndilo lililomuumiza.

"Lile jina langu," mama akauliza, "bado unaweza kuliandika?"

Baba mdogo hakuwa na kitabu tena.